Barua ya wazi kwa TCU, COSTECH, Wizara na wakuu wa vyuo: akili ya mtoto haina idara

Waheshimiwa wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), wa Wizara ya Elimu, na nyie manaibu makamu wakuu wa vyuo mnaoshika taaluma, shikamooni.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa isimu, yaani sayansi ya lugha, cheo cha chini tu, kwenye chuo ambacho sitakitaja kwa sababu ninachotaka kusema hakihusu chuo kimoja, na nikikitaja najua simu zitaanza kupigwa kabla barua haijasomwa mpaka mwisho. Mtaniwia radhi kwa urefu na kwa lugha, hii siyo barua ya "husika na kichwa cha habari hapo juu", za namna ile nimeshaandika na ziko kwenye mafaili zinapumzika.

Ombi nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta. Naomba mruhusu maswali kuhusu akili ya binadamu, yaani jinsi mtu anavyojifunza, anavyokumbuka, anavyoelewa lugha, anavyoamua, yafanyiwe kazi na watu wa idara tofauti kwa pamoja, na mkiruhusu iwe kwa kanuni, kwa hela na kwa vyeo, siyo kwa hotuba za ufunguzi wa semina. Wenzetu wameshaipa jina, sayansi ya utambuzi, na wana miaka karibu 70 nayo. Siombi jengo. Siombi taasisi mpya yenye mkurugenzi, katibu muhtasi na Land Cruiser. Naomba vitu vidogo ambavyo vingi havina hata gharama, nitavifikia.

Nianze na kitu kidogo kabisa ili tuelewane tunaongelea nini. Kuna kipimo cha kumbukumbu kinatumika dunia nzima, kimo ndani ya vipimo vingi vya akili vya watoto: unamtajia mtoto tarakimu, nne, saba, mbili, anazirudia kwa mpangilio uleule, unamwongezea moja moja mpaka ashindwe. Hakihitaji umeme wala kompyuta ndo maana kinapendwa sana na watafiti wanaokuja vijijini kwetu. Sasa hesabuni kwa mdomo hapo mlipo. Kwa Kiingereza tarakimu za moja mpaka tisa zote zina silabi moja isipokuwa ile ya saba. Kwa Kiswahili zote tisa zina silabi mbili, anzia moja mpaka tisa, hamna iliyopona. Na watu wa saikolojia Uingereza walishaonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba kumbukumbu hii ya muda mfupi inabanwa na muda wa kutamka, unashika takribani kile unachoweza kukisema ndani ya sekunde mbili hivi. Mwaka 1980 ikachapishwa kazi kutoka Wales, watu wanaojua Kiwelsh na Kiingereza, watu walewale, vichwa vilevile, wakawa wanakumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelsh kwa sababu namba za Kiwelsh zinachukua muda mrefu kidogo mdomoni. Wachina, ambao namba zao ni fupi, wanafanya vizuri mno kwenye kipimo hichohicho.

Kwa hiyo mtoto wa Mkuranga akipimwa kwa Kiswahili halafu alama zake zikawekwa kwenye jedwali lililotengenezwa kwa watoto wa Marekani, anaweza kuandikwa kwamba kumbukumbu yake iko chini ya wastani wakati kilichomwangusha ni muda wa kutamka, silabi zimemla. Hilo la silabi atalijua mtu wa isimu, ila mtu wa isimu hajui kipimo kinasahihishwaje, anayejua ni wa saikolojia. Wa saikolojia naye hajui kama mtoto huyu mwaka jana alilazwa na degedege la malaria, anayejua ni daktari. Kupima muda wa kutamka kwa milisekunde kunataka kijana wa kompyuta aandike kiprogramu cha kurekodi. Mtu wa anthropolojia atauliza swali ambalo wote hawa wamelisahau, kwamba hivi mtoto huyu kwao amezoea kuulizwa maswali na mtu mzima asiyemjua tena mwenye majibu tayari? Na mwanafalsafa, msicheke, ndiye atakayewazuia wote watano wasiite kumbukumbu kitu ambacho kumbe ni kasi ya ulimi. Watu sita, kwa kipimo cha dakika tano. Hapo hatujagusa kusoma, hatujagusa hesabu, hatujagusa lugha ya kufundishia.

Ndivyo fani yenyewe ilivyozaliwa. Tarehe 11 Septemba 1956, pale MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, kwenye mkutano wa nadharia ya habari, siku moja hiyohiyo walisimama watu wa aina tofauti kabisa. Allen Newell na Herbert Simon wakaeleza mashine yao ya kuthibitisha kanuni za mantiki, Noam Chomsky, hajafika hata miaka 28, akaeleza kwa nini sarufi ya lugha haiwezi kuelezwa kwa kubahatisha tu neno linalofuata, na George Miller akazungumzia mipaka ya kumbukumbu, ile habari yake kwamba mtu anashika vitu saba kwa mara moja, kuongeza au kupunguza viwili. Miller baadaye akawa anaitaja siku hiyo kama siku ya kuzaliwa kwa fani, aliondoka pale akiamini kwamba saikolojia ya majaribio, isimu na kompyuta ni vipande vya kitu kimoja kikubwa. Mwaka 1960 yeye na Jerome Bruner wakafungua kituo Harvard. Mwaka 1977 likaanza jarida, 1978 ikatoka ripoti iliyofadhiliwa na Sloan Foundation ikachora pembe sita, falsafa, isimu, anthropolojia, sayansi ya neva, kompyuta na saikolojia, na mistari ya kuziunganisha, 1979 wakakutana La Jolla, California, kwenye mkutano wa kwanza wa chama cha fani hiyo, na 1986 Chuo Kikuu cha California, San Diego kikafungua idara kamili. Nimepita haraka makusudi, ila angalieni mpangilio wake: mkutano wa watu kuongea ulianza, idara ikaja miaka 30 baadaye. Sisi tukisikia kitu kipya huwa tunaanza na idara, tena na ubao wa jina.

Mtasema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna madawati ya kununua. Wakuu, sisi tumo humo siku nyingi, ila tumo kama waliopimwa.

Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani Charles Super na Sara Harkness walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis huko nyanda za juu za Kenya. Wakati huo watu walikuwa wanasema watoto wa Kiafrika wanakaa na kutembea mapema kwa sababu wamezaliwa hivyo, ni maumbile. Super akaangalia akakuta mama anachimba kishimo kidogo ardhini, anamkalisha mtoto humo, anamzungushia mablanketi asianguke, kila siku, mazoezi kabisa. Kukaa na kutembea, ambavyo vinafundishwa, vinakuja mapema, kutambaa ambako hakufundishwi hakuna haraka hiyo. Halafu kijijini hapohapo watoto walipoambiwa wamsimulie tena hadithi mtu mzima anayewapima, wengi walinyamaza au wakatoa maneno machache mno. Hao ni watoto ambao nyumbani wanaachiwa wadogo zao kutwa nzima na wanatumwa dukani na chenji inarudi sahihi. Mtoto mwenye adabu kwao hajimwagi maneno mbele ya mkubwa mgeni. Sasa chukua karatasi ya matokeo bila kujua hilo, utaandika nini? Utaandika uwezo wa lugha ni hafifu.

Karibu na Kisumu, Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliwapima watoto 85 wa miaka 12 mpaka 15 ujuzi wao wa dawa za miti shamba, dawa ipi ya minyoo, ipi ya tumbo, kiasi gani. Matokeo yalitoka 2001 na bado yananisumbua, maana waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye vipimo vya msamiati vya kishule. Yaani siyo kwamba havihusiani, vinavutana kinyume. Familia zinawekeza muda wa mtoto upande mmoja au mwingine, na mtihani wetu unaona upande mmoja tu. Kisha hapa kwetu Bagamoyo, kazi iliyochapishwa 2002, mamia ya watoto wa miaka 11 mpaka 13 walipewa maswali ya kufikiri, kupanga vitu kwa makundi, kuuliza maswali mpaka ujue kilichofichwa, halafu wakafundishwa kidogo tu mbinu, kwa muda usiofika hata saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda. Na kilichoeleza zaidi uwezo wa mtoto ni zile alama za baada ya kufundishwa, siyo za mwanzo. Someni tena hiyo sentensi mkiwa mmeshika matokeo ya darasa la saba mkononi.

Mfano ninaoupenda zaidi lakini ni Kilifi, pwani ya Kenya, kwa sababu pale ilifanyika kazi inayofanana na ninachoomba. Kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome (mfuko wa Uingereza) kipo pale tangu 1989, kilikwenda kwa ajili ya malaria. Madaktari wakawa wanaponya watoto wenye malaria ya ubongo, wanaruhusiwa kwenda nyumbani, kazi imeisha. Ila walipowafuatilia baadaye wakakuta takribani mmoja kati ya wanne amebaki na kasoro fulani, wengine kwenye lugha, wengine kumbukumbu, wengine viungo. Daktari peke yake angepima nini hapo? Ikabidi waje watu wa lugha na saikolojia, watengeneze vipimo vya Kigiriama na Kiswahili, vitu vya mtoto kuchezea viwe vile anavyovijua, maswali kwa mama yawe yale anayoyaelewa, wajaribu, watupe, wajaribu tena. Amina Abubakar na wenzake wakatoa kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo chenye jina la Kilifi lenyewe, na leo kinatumika na nje ya Kilifi. Hicho ni kitu kilichotengenezwa Pwani, kwa lugha zetu, na watu wa fani tofauti waliokaa sehemu moja kwa miaka. Hakuna ndaki yoyote, yaani kundi la idara za chuo, iliyoweza kukitengeneza peke yake.

Nje ya mifano hiyo picha ni mbaya. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walikumbusha dunia kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi tajiri za viwanda zenye asilimia 12 tu ya watu wote. Karibu kila kinachoitwa "akili ya binadamu inafanya hivi" maana yake wanafunzi wa chuo wa Marekani wanafanya hivi. Dunia ikashtuka, ikaanza kutafuta wengine wa kupima, na wakija huku mnajua wanatuhitaji kwa kazi gani: kutafsiri dodoso, kutafuta watoto, kuongea na mwenyekiti wa kijiji, kubeba soda na biskuti. Msaidizi wa utafiti. Nimeifanya hiyo kazi, posho ilikuwa nzuri sitakataa, ila dodoso lilikuwa na swali la theluji kwa watoto wa Rufiji na nilipolisema nikajibiwa kwamba kipimo kimeshathibitishwa.

Hapo ndo inakuja sehemu yenu, na mtanisamehe nikiongea moja kwa moja.

Nilikuwa na mwanafunzi wa umahiri, binti hodari, alitaka kuangalia watoto wa darasa la pili wanavyokosea tahajia ya Kiswahili. Watu wanadhani Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa kwa hiyo hakuna cha kutafiti, ila Katie Alcock na Damaris Ngorosho walishaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa watoto wa hapahapa Tanzania, kwamba kuandika lugha yenye tahajia nyoofu bado ni kazi na makosa yana mpangilio wake. Yeye alitaka kwenda mbele, mtoto aandike kwenye tableti, irekodi amesitasita wapi, kabla ya herufi gani, kwenye l na r, kwenye ng' na ng, kwenye viambishi, ili tujue kosa linaanzia sikioni au kwenye sarufi au mkononi. Andiko lake idarani likaambiwa hii ni saikolojia. Saikolojia, ambayo kwenye vyuo vyetu vingi imelala ndani ya shule kuu ya elimu, wakasema mwanafunzi siyo wetu, hatuna fomu yake. Kijana wa kompyuta alikubali kumtengenezea programu na akaanza, mkuu wake akamuuliza hiyo kazi itahesabika wapi, hakuwa na jibu, akaacha. Daktari wa watoto tuliyemwomba atusaidie kuchuja wenye shida ya kusikia akauliza kama tuna kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hatukuwa nacho maana idara yetu haijawahi kukihitaji, hakuna aliyejua pa kuanzia. Miezi ikaenda. Mwishowe binti akaandika tasnifu kuhusu maandishi ya kwenye daladala, amepata alama nzuri, amehitimu, yuko benki.

Hakuna mtu mbaya kwenye stori hiyo. Kila mmoja alifuata kanuni za kwake vizuri kabisa. Ni sawa na kusajili wachezaji wazuri kumi na mmoja halafu kila mmoja anafanya mazoezi kwenye uwanja wake, wanakutana siku ya mechi, na kocha anashangaa.

Kuna wenye hoja kwamba hata huko walikoanza imewashinda, na ni hoja ya kweli, sitaikimbia. Mwaka 2019 Rafael Núñez, ambaye yuko hapohapo San Diego, na wenzake waliandika kwamba ile ndoto ya pembe sita haikutimia, jarida na idara zimemezwa na saikolojia, wengine wamebaki wageni. Anthropolojia ilishatoka zamani, mwenzao Edwin Hutchins ni wa kipekee, yule aliyepanda meli za jeshi la majini la Marekani akaonyesha kwamba akili ya kuongoza meli haikai kwenye kichwa cha mtu mmoja, imegawanyika kwa mabaharia, ramani na vyombo vyao. (Wahadzabe wa kule Eyasi wametoa kitu cha karibu na hicho kwenye utafiti wa 2015: ukimuuliza mmoja mmoja majina ya rangi wanakubaliana nyeusi, nyeupe na nyekundu, kwingine ni "sijui" nyingi, ila ukiweka majibu ya wote pamoja jamii nzima ina majina ya rangi nyingi zaidi, yamesambaa vichwani mwa watu.) Mimi somo ninalolipata kwa Núñez ni kwamba msitujengee idara. Idara ikishakuwa na bajeti yake itajilinda kama idara nyingine zote, na wenye watu wengi watawameza wenye wachache. Tuna faida ambayo wao hawana, isimu yetu ina nguvu, kiswahili kina taasisi zake tangu miaka ya 1960, watu wa sosholojia na anthropolojia wamezoea kulala vijijini, na hakuna saikolojia kubwa ya maabara ya kumeza mtu. Tuanze tukiwa wadogo wote.

Na swali la kuanzia tunalo, tena linawahusu nyie moja kwa moja. Kila mwaka mtoto anayemaliza miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Tumebishana kuhusu hili tangu mimi sijazaliwa. Mradi wa LOITASA wa kutafiti lugha ya kufundishia, ulioanza 2002, Watanzania, Wanorwei na watu wa Afrika Kusini, ulifundisha mada zilezile kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwenye madarasa ya sekondari na waliofundishwa kwa Kiswahili wakaelewa zaidi. Sera ya elimu ya 2014 ikaandika Kiswahili kitumike ngazi zote, halafu upepo ukageuka tena. Mabishano ni ya kisiasa, yanaongelea uzalendo upande huu na ajira upande ule, hakuna anayeongelea kichwa cha mtoto dakika ile mwalimu anasema photosynthesis. John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu wa Australia, tangu 1988 anasema nafasi ya kufikiria ni ndogo, ikijazwa na kazi ya pembeni hakuna kinachoingia. Mtoto anayetafsiri kimyakimya huku anasikiliza ana kazi mbili. Kiasi gani kinaliwa na tafsiri? Inaisha baada ya miezi mingapi, kwa nani, na yule ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, Msukuma au Mmasai, anabeba tatu? Hayo yanapimika. Muda wa kujibu unapimika, macho yanaposoma yanapimika, hata mawimbi ya ubongo yanapimika kwa kofia za siku hizi za kubebeka (zinasumbua kwenye nywele zilizosukwa maana lazima ziguse ngozi ya kichwa, kwa mara ya kwanza ile sheria ya kunyoa wanafunzi ingefaa kitu). Wafuateni watoto walewale kuanzia darasa la sita mpaka kidato cha pili, na timu iwe ya watu sita wale niliowataja, mtajua zaidi ya makongamano yote tuliyokwisha kula chakula chake.

Akili unde (AI) nitaisema kwa kifupi kwa sababu najua ndo neno linalofungua mifuko siku hizi. Vijana wetu wanakusanya sauti za Kiswahili, wanafundisha mashine, safi sana. Ila mashine iliyofundishwa kwa Kiingereza ikikutana na "hawajamwandikia" inaona neno moja refu, wakati mtoto wa miaka mitatu anaanza kulikatakata mwenyewe bila kufundishwa. Kamil Deen aliwafuatilia watoto wa Nairobi wanaokua na Kiswahili akaonyesha wanadondosha viambishi fulani, cha mtenda au cha njeo (wakati wa tendo), na wanadondosha kwa utaratibu, siyo ovyo. Wanaotengeneza hizo mashine na wanaowasikiliza hao watoto wako majengo mawili jirani, hawajuani hata majina.

Sasa ninachotaka, mtu na sehemu yake.

TCU, kwenye miongozo yenu wekeni wazi kwamba tasnifu ya umahiri au uzamivu inaweza kuwa na wasimamizi wawili wa ndaki tofauti, hata vyuo tofauti, na wote wawili wahesabiwe mzigo wa kazi kamili, siyo mmoja mkuu na mwingine msindikizaji. Mwanafunzi wa isimu aruhusiwe kuchukua kozi ya takwimu au ya neva Muhimbili ikahesabika kwenye krediti zake bila kuzunguka na barua mwezi mzima.

Makamu wakuu, vyeo. Makala ya watu sita wa fani sita pointi zake zikigawanywa, kila mtu akaondoka na kipande, mnatuambia kwa vitendo tuandike peke yetu. Tafuteni namna, hata kama ni kwa makala zinazovuka ndaki tu. Bila hili mengine yote ni bure, naomba mniamini, hakuna mhadhiri atakayetumia miaka mitatu kwa upendo.

COSTECH, nyie mnashika funguo mbili. Ya kwanza ruzuku: tangazeni fungu moja tu, dogo, ambalo halipokei andiko la idara moja, swali ndo lifadhiliwe na waombaji watoke angalau fani tatu. Ya pili ni vibali vya watafiti wa nje. Mnadai tayari wawe na mshirika wa hapa, ongezeni sharti kwamba kipimo chochote watakachotumia kwa watoto wetu, tafsiri yake ya Kiswahili, jinsi kilivyojaribiwa na kilivyosahihishwa, nakala ibaki kwenye hifadhi moja ya wazi nchini. Vipimo vingapi vimetafsiriwa upya kila mradi unapokuja, kila mtu anaanza sifuri, vikaondoka ndani ya begi la mtu? Hifadhi hiyo ni seva moja na mkutubi mmoja mwenye akili.

Wizara, nyie na NIMR kaeni mtengeneze njia moja ya maadili kwa utafiti wa watoto shuleni, kwa sababu sasa hivi daktari anapita mlango wake, mtu wa lugha anapita kwa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa halmashauri, na wakitaka kwenda darasa moja pamoja wanapita kote kisha kila mlango unauliza kwa nini umepita na mwingine. Na kama mnafikiria kuigusa tena lugha ya kufundishia, kokote mtakakoielekeza, agizeni kwanza ule utafiti wa miaka minne niliousema, uanze kabla ya mabadiliko ili kuwe na cha kulinganisha.

Hela za miradi mikubwa ya elimu ya juu zimejenga majengo mazuri, nimeyaona, asanteni. Chumba kimoja humo, Ijumaa mchana, wazi kwa ndaki zote, na birika la chai. Nipeni hicho hata leo.

Kanuni ya wasimamizi wawili haisubiri Bunge, inaweza kuwa kazini mwaka wa masomo ukianza. Niko tayari kupanda treni kuja Dodoma kwa nauli yangu, nitakuja na yule kijana wa kompyuta, na daktari wetu, na mwalimu mmoja wa darasa la pili ambaye anawajua watoto kuliko sisi wote, tuna rasimu ya kurasa mbili tayari. Tunahitaji saa moja na nusu na mtu mwenye mamlaka ya kuandika ndiyo au hapana.

Wenu mtiifu,
Mhadhiri msaidizi, isimu